Ethiopia na Eritrea: Amani ya Viongozi Wawili Haitoshi

Kwa muda sasa habari zinazotufikia kutoka Pembe ya Afrika zimekuwa zikirudi kwenye jambo moja: bahari. Mwezi Oktoba 2023, Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, alilieleza taifa lake kwamba kupata njia ya kufika Bahari ya Shamu ni suala la uhai wa nchi. Serikali ya Addis Ababa imekuwa ikisisitiza kwamba inaitafuta njia hiyo kwa mazungumzo. Eritrea, yenye bandari za Assab na Massawa, imeisikia kauli hiyo kama tishio kwa uhuru wake. Tangu wakati huo pande hizo mbili zimeshutumiana kuandaa vita.

Jambo la kutafakarisha ni kwamba wanaoshutumiana leo ni viongozi walewale waliokumbatiana hadharani mwaka 2018, Abiy Ahmed na Rais Isaias Afwerki. Wakati ule dunia ilishangilia, naye Baba Mtakatifu Fransisko, kabla hata hawajakutana, alizipongeza hatua hizo za mwanzo za upatanisho. Mwaka uliofuata Abiy alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Ni nini basi kilichoifanya amani ile isidumu? Tukiichunguza historia ya majirani hawa, tutaona kwamba amani inayosimama juu ya urafiki wa watu wawili hudumu kadiri urafiki wao unavyodumu. Wananchi wanapoachwa nje ya mlango, hawana namna ya kuilinda.

Ndugu waliotenganishwa na mstari

Wakazi wa nyanda za juu za Eritrea na wale wa mkoa wa Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, wanazungumza lugha moja, Kitigrinya. Wengi wao ni Wakristo wa mapokeo ya Ge'ez, wanaofunga na kusherehekea kwa kalenda moja. Mstari uliowatenga ulichorwa na ukoloni. Italia iliitangaza Eritrea kuwa koloni lake mwaka 1890. Ilipojaribu kuimeza Ethiopia nzima, ilishindwa vibaya katika vita vya Adwa mwaka 1896. Ndipo mipaka ikaandikwa kwa mikataba ya mwaka 1900, 1902 na 1908. Mikataba hiyo ilibaki kwenye makaratasi. Sehemu kubwa ya mpaka haikuwahi kuwekewa alama ardhini.

Baada ya Waitalia kushindwa mwaka 1941, Eritrea ilikaa chini ya Waingereza. Mwaka 1952, kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa, iliunganishwa na Ethiopia kwa mfumo wa shirikisho, ikiwa na bunge lake na bendera yake. Miaka kumi baadaye, Novemba 1962, Mfalme Haile Selassie aliufuta mfumo huo na kuifanya Eritrea kuwa jimbo la kawaida la himaya yake. Vita vya ukombozi vilikuwa vimekwisha kuanza Septemba 1961, navyo vilidumu miaka thelathini.

Mwaka 1991 wapiganaji wa Eritrea na wale wa Tigray, waliokuwa washirika, waliuangusha utawala wa kijeshi wa Mengistu Haile Mariam. Katika kura ya maoni ya Aprili 1993, karibu wapiga kura wote wa Eritrea walichagua uhuru, na serikali mpya ya Addis Ababa ikaukubali. Ethiopia ikabaki bila pwani. Wakati huo hilo halikuonekana kuwa tatizo kubwa, kwa sababu watawala wa pande zote mbili walikuwa marafiki waliopigana bega kwa bega msituni. Mambo mazito ya mpaka, forodha na matumizi ya bandari yaliachiwa urafiki huo. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika.

Vita vya Badme

Urafiki ulianza kupoa Eritrea ilipoanzisha sarafu yake, nakfa, mwaka 1997, na majirani wakashindwa kuelewana juu ya biashara. Mei 1998 majeshi yalipambana katika kijiji cha Badme, mahali pasipo mafuta wala dhahabu. Vita vilivyofuata viliendelea hadi Juni 2000. Makadirio mengi yanataja vifo kati ya 70,000 na 100,000. Kila upande uliwafukuza au kuwasukuma nje makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya upande wa pili, wakiwemo walioishi, kuoa na kuzaa huko kwa miaka mingi.

Desemba 12, 2000, mkataba wa amani ulitiwa sahihi mjini Algiers. Pande zote mbili zilikubali kwamba tume huru itaamua mpaka, na kwamba uamuzi wake utakuwa wa mwisho. Aprili 2002 tume hiyo ilitoa uamuzi: Badme iko upande wa Eritrea. Mwaka 2005 tume nyingine, iliyoundwa na mkataba huohuo kuchunguza madai ya uharibifu, ilisema kwamba Eritrea ilivunja sheria ya kimataifa ilipotumia silaha mwezi ule wa Mei 1998.

Tuutazame ukweli huu kwa utulivu, kwa maana unamnyenyekeza kila mmoja. Kijiji kilikuwa cha Eritrea kwa haki, lakini kukichukua kwa nguvu hakukuwa haki. Kila upande ulipewa ukweli mmoja unaoutetea na mwingine unaouhukumu, na kila upande ukashika ule unaoutetea. Ethiopia haikuondoka Badme, na Eritrea haikukubali kuzungumza lolote kabla ya Ethiopia kuondoka.

Hali hiyo isiyo vita wala amani ilidumu miaka kumi na sita. Walioilipia ni vijana. Nchini Eritrea, utumishi wa taifa ambao kisheria ni wa miezi kumi na minane ukawa hauna kikomo, kwa hoja kwamba adui bado yuko mpakani. Kijana aliingia jeshini akitoka shuleni asijue atatoka lini, ataoa lini, atawatunza wazazi wake kwa nini. Wengi walikimbia. Oktoba 3, 2013, mashua ilizama karibu na kisiwa cha Lampedusa, Italia, na watu zaidi ya 360 wakafa, wengi wao wakiwa Waeritrea. Mwaka uliofuata Maaskofu wanne Wakatoliki wa Eritrea walitoa barua ya kichungaji iliyobeba swali ambalo Mungu alimwuliza Kaini juu ya ndugu yake. Katika nchi isiyo na magazeti huru, hao ni wachungaji waliothubutu kuuliza kwa sauti vijana wamekwenda wapi, na kwa nini nyumba zinabaki na wazee.

Kukumbatiana kwa mwaka 2018

Juni 2018 Ethiopia ilitangaza kwamba itaukubali mkataba wa Algiers kikamilifu. Julai 8 Abiy alitua Asmara, na siku iliyofuata viongozi hao wawili wakatangaza kwamba hali ya vita imekwisha. Simu zikaunganishwa. Ndege za abiria zikaanza tena safari, na watu waliokuwa hawajaonana kwa miaka ishirini wakaangukiana shingoni. Septemba 11, siku ya Mwaka Mpya wa Ethiopia, mpaka ulifunguliwa Zalambessa na Bure. Furaha ile ilikuwa ya kweli, wala hatupaswi kuidharau.

Hata hivyo, miezi michache tu baadaye vivuko vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine, bila wananchi kupewa maelezo. Alama za mpaka hazikuwekwa. Utumishi wa jeshi usio na kikomo nchini Eritrea haukukoma. Watu wa Tigray, ambao mpaka wenyewe unapita mashambani mwao, hawakuwa na nafasi ya maana katika mapatano hayo. Novemba 2020 vita vilipolipuka kati ya serikali ya Ethiopia na viongozi wa Tigray, majeshi ya Eritrea yaliingia Tigray kupigana upande wa serikali hiyo. Raia wengi waliuawa, hata katika mji mtakatifu wa Aksum. Wapo wanaokadiria kwamba vita vile viligharimu maisha ya mamia ya maelfu ya watu. Urafiki wa wawili uliosifiwa kama amani ukawa muungano wa vita dhidi ya wa tatu.

Mapatano ya Pretoria ya Novemba 2, 2022, yalisimamisha mapigano kati ya serikali ya Ethiopia na viongozi wa Tigray. Eritrea haikuwa mezani. Tangu hapo urafiki wa Asmara na Addis Ababa ukapoa, na lugha ya bahari ikapanda.

Nguzo nne za amani

Mtakatifu Yohane XXIII, katika Waraka wake Pacem in Terris wa Aprili 11, 1963, alifundisha kwamba amani husimama juu ya ukweli, haki, upendo na uhuru. Tukiyapima mapatano ya mwaka 2018 kwa nguzo hizi, tutaona yalipopungukiwa.

Ukweli haukusemwa: hakuna upande uliowaambia wananchi wake sehemu yake ya kosa. Haki haikutekelezwa: uamuzi wa mpaka ulikubaliwa kwa maneno, na mapatano ya kudumu juu ya bandari na biashara hayakujengwa. Uhuru haukurudi: kijana wa Eritrea alibaki na bunduki mkononi. Upendo ulikuwepo, tena mwingi, katika yale machozi ya ndugu waliokutana. Lakini upendo wa watu haukupewa barabara ya kupitia, kwa maana waliofungua mpaka ndio hao waliokuwa na uwezo wa kuufunga.

Hitaji la Ethiopia si la kudharauliwa. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 120, inayopitisha karibu mizigo yake yote katika bandari ya Jibuti, ina haki ya kutafuta njia nyingine kwa mapatano. Vilevile Eritrea ina haki ya kulindiwa ardhi yake. Mwaka 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru, kwa sababu waliona kwamba kuifungua kungeliwasha moto bara zima. Bandari hukodiwa, huchangiwa na huwekewa mikataba. Ikichukuliwa kwa damu, haiwezi kuleta ustawi.

Kanisa pande zote mbili za mpaka

Kanisa Katoliki linaubeba mgawanyiko huu mwilini mwake. Mtakatifu Yustino de Jacobis, mmisionari wa karne ya 19, alihubiri Tigray na Eritrea. Kaburi lake liko Hebo, nchini Eritrea. Mwanafunzi wake, Mwenyeheri Gebre Mikael, aliyekufa kifungoni kwa ajili ya imani mwaka 1855, alikuwa mwana wa Gojjam, Ethiopia. Katoliki wa nchi hizo mbili ni watoto wa baba mmoja katika imani. Wairobu, kabila dogo la mpakani lenye Wakatoliki wengi, wameona ardhi yao ikikatwa na mstari wa mpaka na vijiji vyao vikikaliwa na majeshi. Februari 2020 Kardinali Berhaneyesus Souraphiel wa Addis Ababa alifika Asmara kwa ajili ya jubilei ya kanisa kuu la huko. Alizuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa, wakati serikali hizo mbili zilikuwa bado zikiitwa marafiki. Ishara hiyo ilitosha kutuonyesha kwamba amani ya ikulu ilikuwa haijafika altareni.

Wajibu wetu

Ndugu zangu, sisi Watanzania tuliwahi kupigana na jirani. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na familia nyingi bado zinakumbuka. Leo Mtanzania na Mganda wanavuka Mutukula kwa biashara na misiba, na bomba la mafuta linajengwa kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mpaka haukuachwa ukielea, na uhusiano wetu uliwekwa katika mkataba wa Jumuiya, uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999, pamoja na mahakama na bunge lake. Marais hubadilika, mikataba hubaki. Tuthamini taasisi hizo hata zinapoenda polepole, na tuwaulize viongozi wetu wanapoziacha zidhoofike.

Maaskofu wa Ethiopia na wa Eritrea wamo pamoja na wetu katika AMECEA. Tunapowaombea, tunawaombea wa nyumbani. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu ziziweke nchi hizi mbili katika nia zao, zikiwataja hasa vijana walio mahandakini mpakani. Vijana wa Kiethiopia wanaokamatwa kila mara katika nchi yetu wakielekea Afrika Kusini wasiwe kwetu habari ya magendo tu: sheria ifuate mkondo wake, lakini mwenye kiu apewe maji na mgonjwa atibiwe.

Tusichoke pia kuiombea siku ambayo askofu wa Addis Ababa ataadhimisha Misa Asmara bila kuomba kibali cha wenye silaha, na mama wa Zalambessa ataenda kumzika ndugu yake ng'ambo ya pili na kurudi jioni. Siku hiyo ndipo tutakapojua kwamba amani imewafikia wenyewe.