Ziwa Kivu: hatari inayomfuata mzamiaji hadi inchi kavu

Tangu Februari 2024, vita ilipokata barabara ya Goma–Minova upande wa Sake, watu na mizigo walihamia ziwani. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo mashua Merdi, ikitoka Minova, ilizama karibu na Kituku, Goma. Makumi ya watu walikufa. Kila ajali ya namna hiyo familia zinadai miili itolewe, na ni haki yao. Lakini yule anayeshuka chini na chupa ya hewa, nani anamulinda?

Mzamiaji akipumua chini ya maji, azoti ya hewa inaingia kwa wingi katika damu na nyama za mwili, juu maji yanamukandamiza. Akipanda polepole, inatoka kwa pumzi. Akipanda mbio, inafanya mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla: viungo vinauma, ganzi, kizunguzungu, hata miguu kupooza.

Kivu inaongeza hatari. Uso wake uko karibu mita 1.460 juu ya bahari, na hapo mgandamizo wa hewa umepungua kama 15%. Vipimo vya kawaida vya kuzama vilitengenezwa kwa bahari. Kuvifuata Goma ao Bukavu bila kuvirekebisha ni kujidanganya.

Kisha kuna milima. Aliyezama Uvira, kwenye Tanganyika, kama mita 770, akipanda gari siku ile ile hadi Bukavu, anapanda tena mita zaidi ya 700 na azoti ingali mwilini. Kwa ndege, wataalamu wanaomba kungoja angalau saa 12 kisha kuzama mara moja, 18 kisha mara nyingi.

Kina kirefu, kuzama tena na tena, kazi nzito, baridi na kukosa kunywa maji vinazidisha yote. Katika kutafuta miili, mambo hayo yanakutana siku moja, na watu wanapiga kelele pwani.

Dalili zikionekana, si uchovu tu: mgonjwa alazwe, apewe oksijeni safi, apelekwe kwa munganga haraka. Asirudishwe majini.

Wakubwa wa bandari wanaweza kupunguza kazi hiyo mbele ya safari: mashua isijazwe kupita kiasi, na kila msafiri avae jile.