Breki Zinazotetema Ni Jambo la Umma

Magari mengi yanayotembea katika barabara za Unguja na Pemba yaliletwa yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani. Miongoni mwao yamo yale ambayo dereva akikanyaga breki, usukani humtetema mikononi na abiria huhisi kiti kikicheza. Madereva wengi wameizoea hali hii kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Sisi tunaona kwamba mazoea haya ni ya hatari, na kwamba kuyaondoa ni kazi ya wenye magari, mafundi, wafanyabiashara na Serikali kwa pamoja.

Yafaa kwanza ieleweke nini hutokea. Diski ya breki ni sahani ya chuma cha kusubu inayozunguka pamoja na gurudumu, na pedi mbili huibana gari linaposimamishwa. Gari dogo likienda kilomita 60 kwa saa, diski huzunguka karibu mara 9 kwa kila sekunde. Iwapo unene wake haulingani, katika kila mzunguko pedi husukumwa na kurudi, na msukumo huo hufika kwenye pedali na usukani. Tofauti ya sehemu 2 katika 100 za milimita, ambayo ni ndogo kuliko unene wa unywele, yatosha kuleta mtetemo.

Aghalabu husemwa kuwa diski imepinda kwa moto. Mara nyingi sivyo. Chanzo huwa ni kutu iliyobaki kwenye uso wa habu pale diski inapokaa, au nati za gurudumu zilizokazwa kwa nguvu zisizo sawa. Diski hukaa upande kidogo, ikawa inagusa pedi mahali pamoja tu, na baada ya safari nyingi mahali hapo hulika zaidi. Pengine ni masazo ya pedi yaliyoganda juu ya diski iliyopata joto kali. Hewa ya chumvi ya visiwani nayo huzidisha kutu, hasa kwa gari linalolazwa siku nyingi karibu na pwani.

Kwa hivyo fundi anayevua diski ya zamani na kupachika mpya bila ya kusugua habu hakuondoa chanzo, na mtetemo utarudi. Yampasa kwanza ahakikishe kuwa beringi, bushi na bolijointi ni nzima na kwamba pini za kalipa hazikukwama. Kisha asafishe habu hadi chuma kionekane, apime kama diski inayumba, ambapo kikomo kwa magari mengi madogo ni milimita 0.05, na akaze nati kwa kupishanisha, kwa spana yenye kipimo.

Liko pia suala la kukereza diski. Kila diski ina unene wa chini ulioruhusiwa, na kwa kawaida umechapwa juu ya diski yenyewe. Kukereza kunafaa ikiwa baada ya kazi hiyo diski bado imezidi kipimo hicho. Ikipungua, chuma kilichobaki hakiwezi kubeba joto, diski huweza kupasuka, na pistoni ya kalipa hutoka nje kupita kiasi pedi zinapolika. Gari la abiria lililojaa, likiteremka katika milima na kona za Pemba, si mahali pa kugundua upungufu huo.

Anayenunua diski mpya anunue mbili, za kulia na kushoto, pamoja na pedi mpya. Atazame kipenyo, unene na idadi ya matundu ya nati, na alinganishe namba ya kipuri na ile ya gari lake. Diski zilizotobolewa kwa urembo hazina faida kwa gari la kawaida, na matundu yake huweza kuanzisha nyufa. Kwetu sisi zinazofaa zaidi ni zile ambazo sehemu zisizosuguliwa na pedi zimepakwa dawa ya kuzuia kutu. Alama ya 90R, inayotokana na Kanuni Namba 90 ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, huonyesha kuwa diski ya badala imejaribiwa. Zikishafungwa, zisafishwe mafuta, na katika kilomita 200 za mwanzo dereva aepuke breki za ghafla isipokuwa kwa dharura.

Hata hivyo mwananchi peke yake hawezi kupima ubora wa chuma kilichomo ndani ya boksi la dukani. Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ndiyo yenye dhamana hiyo, na tunaiomba ivipe vipuri vya breki nafasi ya mbele katika kazi zake. Ukaguzi wa magari nao hautimii kwa kutazama taa na honi. Kupima unene wa diski ni kazi ya dakika chache.

Tunawageukia pia maofisa wa ununuzi katika Wizara na Mashirika. Zabuni ya vipuri isiyotaja unene, namba ya kipuri wala alama ya ubora, bali bei tu, inamlazimisha muuzaji mwaminifu kushindwa na asiyejali. Magari ya Serikali hubeba wagonjwa, walimu na watumishi hadi vijiji vya mbali. Karakana zake zianze kuandika unene wa diski katika daftari la kila gari, na zisikubali kupokea kipuri ambacho hakikupimwa. Hatua hiyo haihitaji sheria mpya wala fedha nyingi, na gereji za watu binafsi zitakuwa na mfano wa kufuata.