Mwalimu wa Shule ya Msingi na Kijana Asomaye Sekondari Nyumbani

Ndugu mwanachuo, ukipangiwa kufundisha katika bonde la Ziwa Rukwa, tuseme Kaoze, usishangae jioni moja kubishiwa hodi na mzazi aliyefuatana na kijana wa miaka 16 au 17. Kijana huyo aliacha sekondari kwa ugonjwa, au kwa dhiki ya nyumbani, au kwa kupata mtoto. Ni kweli kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Lakini ruhusa haimlei mtoto mchanga, wala haifupishi njia. Basi kijana ameazimia kusoma nyumbani, kisha afanye mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Naye mzazi atakuuliza: "Mwalimu, tumnunulie simu ya namna gani?"

Kwa maoni yangu, swali hilo lianze kwingine: nani atadai kazi ya kijana huyu kila juma?

Historia ya nchi yetu yatufundisha jambo hili. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walijifunza kinga ya maradhi kwa msaada wa redio. Lakini redio haikufanya kazi hiyo peke yake. Palikuwa na vikundi, vijitabu, na viongozi walioongoza mjadala kipindi kilipokwisha, kisha watu wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, maelfu ya walimu wa UPE waliandaliwa wakiwa kazini vijijini, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa wasimamizi. (Huenda mmoja wao ndiye aliyemfundisha mama yako kusoma.) Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia tarehe 17 Machi, masomo yalirushwa tena kwa redio na televisheni. Kipindi kilisema vizuri, lakini hakikuweza kujua kama msikilizaji ameelewa ama amekwenda kuchunga ng'ombe.

Najua utanijibu: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nitafundishaje kemia ya Kidato cha Tatu?" Hukuombwa kufundisha kemia. Kikwazo cha kwanza cha kijana huyu ni lugha. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na vitabu vya sekondari vimeandikwa kwa Kiingereza. Darasani, akikwama, mwalimu humfafanulia kwa Kiswahili. Nyumbani kitabu hakimhurumii. Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza isitumike kukimbilia mada. Asome aya moja kwa siku, atafute maneno magumu katika kamusi, akueleze maana kwa Kiswahili kwa mdomo, kisha aandike sentensi tatu za Kiingereza alizozitunga mwenyewe. Akifika kwenye bonde la ufa katika jiografia, mtoe nje. Ukuta wa Ufipa umesimama mbele ya macho yake, na ziwa analolijua tangu utotoni halina mto utokao. Kijana wa mjini hulazimika kuyaamini hayo kwa mchoro.

Daftari lake lipokee kila Ijumaa na ulirudishe Jumatatu. Masomo ya posta ya zamani yalikuwa na ila kubwa: barua ilichelewa, na hamu ya mwanafunzi ikapoa njiani. Wewe u jirani. Huna udhuru huo. Alama peke yake haitoshi. Andika sentensi mbili kueleza kosa liko wapi.

Simu ina nafasi yake. Vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania vyaweza kufuatwa palipo na mtandao mzuri, na simu ya mzazi yatosha kwa kazi hiyo.

Usishindane na shamba, kwani utashindwa. Mpunga ukianza kuzaa, kijana atapelekwa dunguni kuamia ndege. Ratiba ya majira hayo haiwezi kufanana na ya Agosti. Patana na mzazi, mbele ya kijana, juu ya saa moja tu kwa siku isiyoguswa na kazi yoyote. Kwa msichana mwenye mtoto, mwulize bibi waziwazi ni nani atakayempakata mjukuu saa hiyo. Bila jibu la swali hilo, ratiba nzuri ubaoni ni mapambo.

Limebaki jambo la usajili, ambalo huwaangusha wengi kabla ya kalamu kushikwa. Aliyekatiza masomo mapema hana budi kufaulu kwanza Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, ndipo afikie ule wa Kidato cha Nne. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, wakati mpunga ungali shambani na mfuko wa mzazi ni mtupu. Mwambie mzazi atenge ada hiyo siku anapouza mavuno ya mwaka uliotangulia, akuonyeshe mahali alipoiweka.