Rafadha Iliyosimama

Ukiipata picha ya ndege ya kale iliyopigwa ikiwa angani, itazame kwanza puani. Mara nyingi utakuta rafadha, yaani ile panga izungukayo na kuivuta ndege mbele, imeganda kama mshale wa saa mbovu. Mabawa yanaonekana vizuri, rangi zimekolea, hata nyuzi zilizoshonea kitambaa zaweza kuhesabika. Lakini ukiiamini picha hiyo, injini imezimika na rubani yumo hatarini. Mpiga picha amefaulu katika kila jambo isipokuwa lile lililomtoa nyumbani kwake, nalo ni kukionyesha chombo kikiwa kazini.

Maana ndege ya kale iliyosimama yaweza kupigwa picha siku yoyote, katika jumba lolote la makumbusho, na mvua isikuguse. Wapenzi wa kamera husafiri hadi viwanja kama Old Warden, katika wilaya ya Bedfordshire nchini Uingereza, au Duxford karibu na Cambridge, kwa sababu huko ndege hizo bado huruka. Uwanja wa Old Warden ni wa nyasi. Mwenyewe, Richard Shuttleworth, alikuwa kijana aliyependa kukusanya motokaa na ndege zilizokwisha kutupwa na wenzake. Alikufa mwaka 1940 katika ajali ya ndege akiwa katika jeshi la anga, na mama yake akaiweka mali hiyo chini ya wakfu mwaka 1944 ili itumike kwa elimu na kwa kumbukumbu ya mwanawe. Tangu hapo watu huja siku za maonyesho, na siku nyingine za milango wazi, kuziona, kuzisikia na hata kuzinusa.

Sasa tuingie katika hesabu kidogo, nayo si ngumu. Ndani ya kamera kuna kidirisha kifungukacho na kufunga upesi ili mwanga uingie. Mafundi hukiita shata. Chukua rafadha izungukayo mara 1,200 kwa dakika: hiyo ni mizunguko 20 kwa sekunde. Shata ikifunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, rafadha itakuwa imezunguka nyuzi 7 tu, na katika picha itaonekana imesimama. Ukiiweka sehemu moja ya 125, itazunguka karibu nyuzi 58, nayo itatoa kivuli kipana cha kupendeza. Ukishuka hadi sehemu moja ya 60, itazunguka nyuzi 120, yaani theluthi ya duara. Na kwa rafadha yenye mabapa matatu hiyo inatosha kulijaza duara zima.

Hapo ndipo penye mtihani. Kadiri shata inavyokwenda polepole ndivyo mkono wa mpiga picha unavyomsaliti. Ndege inapita, kamera inatikisika, na picha inatoka ukungu mtupu. Dawa yake ni kuifuata ndege. Simama miguu imepanuka, viwiko vimebana mbavu, uzunguke kuanzia kiunoni wala si kwa mikono. Anza kuifuata ingali mbali, bonyeza inapokufikia ubavu, na uendelee kuifuata hata baada ya kubonyeza, kwa maana wengi huharibu kwa kusimama ghafla mara wasikiapo mlio wa kamera. Hata ukiyashika hayo yote utatupa picha nyingi kuliko utakazobakiza. Zamani za filamu ya picha 36 hasara hiyo ilikuwa ya fedha. Leo kamera nyingi hazina filamu, na hasara ni ya moyo tu. Nami naona ni heri kurudi na picha mbili zenye uhai kuliko mia mbili za sanamu. Kwa ndege za jeti, zisizo na rafadha, tumia kasi uitakayo, wala hakuna atakayekulaumu.

Ndege za Vita Kuu ya Kwanza zina neema moja kwa mpiga picha: haziendi mbio. Nyingi zilitumia injini ya ajabu ambayo yenyewe yote, silinda na kila kitu, huzunguka pamoja na rafadha. Injini hiyo hulainishwa kwa mafuta ya nyonyo, yale yale ambayo bibi zetu walituwekea kijikoni tulipovimbiwa, kwa sababu hayachanganyiki kwa wepesi na petroli ipitayo ndani ya injini. Mafuta hayarudi, hurushwa nje, na bati lile la mviringo puani pa ndege kazi yake mojawapo ni kuyazuia yasimlowanishe rubani. Anapokuja kutua, rubani huikata cheche ya injini na kuirudisha, kuikata na kuirudisha, kwani hana njia nyepesi ya kupunguza nguvu. Mpiga picha mwenye masikio husikia mkatiko huo, akajua ndege inashuka kabla hajaiona ikitokeza juu ya miti.

Jambo la mwanga tulipitie upesi. Kipimo cha kamera hudanganywa na weupe wa mawingu, kikaifanya ndege kuwa nyeusi kama kunguru. Ongeza mwanga, hasa ndege inapokuonyesha tumbo. Afadhali zaidi, ingojee inapolalia upande mmoja na kukuonyesha mgongo. Hapo ndipo jua hulipaka bawa lote. Na siku ya milango wazi usizipige ndege peke yake. Mpige fundi anayeizungusha rafadha kwa mkono kuamsha injini, na mwenzake aliyelala chini kuangalia gurudumu. Picha ya namna hiyo humweleza mtoto kazi ilivyokuwa kuliko picha kumi za mabawa.

Huenda msomaji akauliza, haya ya nyasi za Uingereza yatuhusu nini? Yatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Katika hazina ya Old Warden imo ndege nyekundu, nyembamba, ya injini mbili, aina ya de Havilland Comet. Oktoba 1934 ilishinda mashindano ya kutoka Mildenhall nchini Uingereza hadi Melbourne nchini Australia, kwa muda usiotimia saa 71. Marubani wake walikuwa wawili, na mmoja wao, Tom Campbell Black, alikuwa amejipatia ujuzi wake katika anga letu hili, kwani aliwahi kuwa rubani mkuu wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bibi Florence Wilson. Uwanja wa Wilson mjini Nairobi una jina lake hadi leo. Tena, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza kazi mwaka 1946 lilitumia ndege za Dragon Rapide, za mbao na kitambaa, zenye mabawa mawili mawili. Nyingine za aina hiyo zimeendelea kuruka Ulaya. Msomaji mwenye picha ya Rapide katika sanduku la babu, iliyopigwa uwanjani siku ya kumsindikiza mtu, ajue kwamba anayo kumbukumbu ambayo wapenzi wa ndege wangesafiri mbali kuiona.

Lakini yako mabishano ya haki ambayo mpiga picha hawezi kuyakwepa. Je, ni sawa kurusha chombo ambacho hakina badala, ili watu wafurahi? Mwaka 1996 palikuwa na Mosquito moja tu iliyokuwa bado ikiruka duniani. Ilikuwa ndege ya vita ya mbao, iliyojengwa kwa msaada wa mafundi wa samani. Tarehe 21 Julai ya mwaka huo, ikiwa katika maonyesho huko Barton karibu na Manchester, iliishiwa nguvu ikaanguka, na watu wake wawili wakafa. Ilipita miaka 16 kabla nyingine, iliyojengwa upya nchini New Zealand, kuruka mwaka 2012. Kwa muda wote huo aliyetaka kujua Mosquito ilivyokuwa ikigeuka angani hakuwa na kimbilio ila filamu na picha za watu waliosimama uwanjani siku zilizotangulia. Mimi nashikilia kwamba zirushwe, maadamu mafundi wameridhika, kwa kuwa injini isiyowashwa huondoka na elimu ya kuiwasha. Lakini simlaumu asemaye kinyume, kwani wale wawili walikuwa na jamaa zao.

Wala hatari si ya rubani pekee. Huko Farnborough mwaka 1952 ndege ilipasuka hewani, na watazamaji 29 wakafa pamoja na wawili waliokuwamo. Huko Shoreham tarehe 22 Agosti 2015 jeti ya zamani aina ya Hunter iliangukia barabara kuu nje ya uwanja. Watu 11 walifariki, na baadhi yao walikuwa wamesimama pale kando ya barabara kuitazama. Baada ya hapo sheria zilikazwa, ndege zikasogezwa mbali na watazamaji. Wako wapiga picha wanaonung'unika kwamba sasa wanahitaji lenzi ndefu zaidi. Na wanunue, au waridhike na ndege ndogo katika anga pana, ambayo kwa macho yangu mara nyingi ni picha nzuri zaidi. Kusimama nje ya ua, chini ya njia ya ndege, kwa ajili ya kupata picha ya karibu, hakuna udhuru.

Zile kongwe kupita zote huachwa hadi mwisho wa siku. Miongoni mwao ni Blériot iliyojengwa mwaka 1909, mwaka ule ule Louis Blériot alipovuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza kwa ndege ya aina hiyo. Injini yake ina silinda tatu na nguvu za farasi 25. Haizunguki uwanja, huinuka kidogo juu ya nyasi, ikaenda moja kwa moja, ikashuka. Nayo haitolewi bandani mpaka hewa itulie kabisa. Kwa hiyo, jua linapoelekea kuchwa na familia nyingi zimekwisha kukunja mikeka yao, utawaona wapiga picha wamebaki kwenye kamba, wakitazama kile kitambaa kinachoonyesha upepo. Kikilala, watapata dakika chache. Kikiendelea kupepea, mafundi hufunga milango, na kila mtu hurudi nyumbani.