Turbo, Petroli na Mkopo wa Binamu

Najua mlikuwa mnasubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, lakini naomba leo tuiweke kando. Kuna jambo la nyumbani limenikaa rohoni wiki nzima, na kwa kuwa lina kompyuta ndani yake, sijatoka nje ya mada sana.

Binamu yangu wa Msambweni anataka kununua Subaru Impreza WRX. Haiagizi Japani. Anainunua kwa mtu huko Mombasa, nayo tayari "imeshafanyiwa kazi": eksozi pana, turbo inayosukuma hewa kuliko ilivyopangwa kiwandani, na mwenye gari ameahidi kumpa namba ya kijana wa kumwekea programu mpya ya injini. Pesa ni mkopo wa sacco. Mdhamini ni mjomba wetu, mwalimu mstaafu, ambaye akiba yake ya maisha iko kwenye sacco hiyo hiyo. Jumatatu binamu akanitumia ujumbe: "Kaka, wewe unayo yako na ni mtu wa kompyuta. Mwambie mjomba hakuna shida."

Siwezi kumwambia hivyo. Mimi nina WRX ya 2003, huu ni mwaka wangu wa tatu nayo, na naipenda kuliko inavyostahili.

Mapenzi yenyewe hayakuanza kwangu. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns akaishinda ya 2000 na Impreza pia, na tangu hapo Kenya hii ukisikia ile ngurumo ya pistoni nne zilizolala ubavu, hata mama muuza mahamri anageuza shingo. Hilo sibishani nalo.

Na kwa nini watu wanakimbilia magari yaliyokwisha kuzeekea humu nchini? Hesabu ya bandari. Gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Lililo ndani ya umri linatozwa ushuru wa forodha wa 35% (ulipandishwa 2023), juu yake ushuru wa bidhaa wa 25% kwa injini inayozidi cc 1500, kisha VAT ya 16% juu ya jumla yote. Zidisha 1.35 kwa 1.25 kwa 1.16, unapata karibu 1.96. Yaani thamani imekaribia kuwa mara mbili kabla ya ada ndogo ndogo, na thamani yenyewe KRA huianzia kwenye orodha yake ya bei, si kwenye risiti yako. Kwa hiyo kijana anaangalia gari la miaka ishirini lililoko Mombasa na kuona ameokota dodo chini ya mwarobaini.

Sasa tuje kwenye programu, maana hapa ndipo tunapodanganyika sisi wa fani hii.

Kompyuta ya injini ya Subaru ina majedwali. Fikiria jedwali la kawaida: upande mmoja mizunguko ya injini, upande mwingine mzigo wa hewa, na kila kisanduku kina namba inayosema plagi iwashe nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu. Kuna majedwali ya petroli na ya presha ya turbo pia. Ukiwa na kebo, laptopu, na programu huria kama RomRaider, unayafungua, unabadilisha namba, na faili jipya linaandikwa kwenye gari. Usiku wa kwanza nilipoyaona majedwali hayo sikulala, walahi. Faili halina bei, na kulinakili ni sekunde chache. Basi unajiambia kwamba nguvu za farasi zinapatikana bure.

Lakini kazini kwetu ukiharibu, unarudisha nakala ya jana. Pistoni haina nakala ya jana.

Gari hili lilitengenezewa soko la Japani, na lilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kiwango chao kinataka okteni isiyopungua 96, na aghalabu pampu zao zinazidi hapo. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki huko. Okteni ikipungua na presha ikipanda, mchanganyiko wa hewa na petroli unalipuka wenyewe ndani ya silinda badala ya kuungua kwa utaratibu. Kompyuta ina sensa ya kusikia mlipuko huo, na inaposikia inarudisha nyuma muda wa kuwasha plagi. Zaidi ya hapo, inaweka kumbukumbu: kuna namba moja, kwenye modeli za umri wa gari langu inaanzia 0 hadi 16, inayoonyesha kompyuta ina imani kiasi gani na petroli uliyotia. Kumi na sita ni imani kamili.

Mwezi wa kwanza niliunganisha laptopu nikapanda kile kilima cha Kombani kwenda Kwale, saa nane mchana, gia ya tatu. Namba ilikuwa 5.

Nilimpelekea fundi wangu wa Ukunda. Tulipofungua tukakuta kwenye mpira mwembamba wa turbo mtu amechomeka kivalvu kidogo cha kudanganya presha. Hakuna aliyeniambia. Hakuna karatasi. Wenzangu mnaoandika programu mnaijua hali hii: umerithi msimbo wa mtu usio na maelezo, na mahali fulani ndani yake kuna mstari mmoja alioutia saa tisa usiku, akaondoka kazini.

Kivalvu kile nadhani hakikumgharimu aliyekiweka hata elfu tatu. Presha yake ilikuwa imeshailemea klachi, na turbo yenyewe ilikuwa inavuja oili. Nilipojumlisha mwaka wa kwanza (ndiyo, nina jedwali lake), matengenezo peke yake yalifika shilingi 412,000: kukarabati turbo, klachi, taimingi belti na vikorokoro vyake, bomba jipya la petroli, tairi nne, na oili kila kilomita 5,000. Ongeza hali yetu ya pwani. Hapa Diani chumvi ya bahari inakula boliti za eksozi mpaka fundi anaishika spana na kunicheka: "Mwanangu, hii haifunguki, hii inakatika." Ikikatika, unalipia kuitoboa. Katika pesa zote hizo hakuna hata farasi mmoja niliyeongeza. Nilikuwa nalipa deni la mwingine.

Petroli nayo haisemeki. Mwaka 2025 lita ya super Mombasa ilikuwa ikizungukazunguka shilingi 180. Gari langu linakwenda kilomita 7 kwa lita, kwa hiyo kila kilomita ilikuwa kama shilingi 26 kabla sijagusa kitu kingine.

Na ukiongeza nguvu kwa kweli, mnyororo ni huu: hewa zaidi inataka petroli zaidi, petroli inataka pampu na nozeli kubwa, joto linataka kipoza hewa kikubwa, halafu inakuja giaboksi. Ile ya gia tano ya WRX inajulikana kwa udhaifu wake. Mwishoni kabisa, watu wakiwa wameishiwa, ndipo wanakumbuka breki. Barabara yetu ya Likoni hadi Lunga Lunga ina matuta, bodaboda wasio na taa, na watoto wa shule wanaovuka pale Gazi na Kinondo. Bima nayo, ukiificha habari ya mabadiliko uliyofanya, siku ya ajali inaweza kukuruka.

Simwambii binamu asinunue gari la turbo. Ningekuwa mnafiki. Ningependa anunue lisiloguswa, kwa pesa zake, na aweke kando nyingine kama nusu ya bei kwa mwaka wa kwanza. Ninachokataa ni akiba ya mwalimu mstaafu kudhamini kivalvu cha elfu tatu.

Nimemjibu hivi: Jumamosi mwambie mwenye gari alilete Ukunda, kebo ninayo, tupande Kwale pamoja tusome ile namba. Amejibu kwamba mwenye gari hataki likafunguliwe. Fomu ya mkopo iko mezani kwa mjomba, bado haijatiwa sahihi, na kesho asubuhi naenda Msambweni kunywa naye chai.