Jirani wa Ziwa si Jirani wa Mvua

Wengi wetu tuishio Mwanza tunaamini kwamba mtu aliye kando ya ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,000 hawezi kulilia mvua. Asubuhi twaona mawingu mazito yamelala juu ya maji, nasi twasema: dalili ya mvua ni mawingu. Basi wazee wakiomba fedha ya mbegu ya mahindi, mfanyakazi hukata sehemu ya mshahara wake na kuituma bila kuuliza zaidi. Hebu leo tulipime jambo hili.

Ni kweli kwamba Ziwa Victoria hujitengenezea mvua. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka kila ufuko kwenda katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda, na radi huanza. Lakini sehemu kubwa ya mvua hiyo huishia majini, na mawingu yanayosalia husukumwa na pepo za mashariki hadi ng'ambo ya magharibi. Ndiyo sababu Bukoba hupata milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, ilhali Mwanza hupata kama 1,000 tu. Ziwa ni lile lile. Wenzetu wa Kagera wakajaliwa migomba na kahawa. Wasukuma wakashika mtama, muhogo, viazi vitamu na pamba. Na kadiri uliachavyo ziwa kuelekea Kwimba na Shinyanga, ndivyo mvua inavyopungua.

Tena mvua yetu ina mapumziko. Vuli hunyesha tangu Oktoba au Novemba hadi Desemba, na masika Machi hadi Mei. Katikati, Januari na Februari, mara nyingi mvua hupungua na jua hushika. Mahindi yaliyopandwa Novemba huchanua wakati huo huo. Yakikosa maji yanapochanua, punje hazijai, hata mvua ya Machi ikirudi kwa wingi. Mzee hubaki na mabua ya kulisha ng'ombe, nawe wa mjini hununua unga wa nyumba mbili.

Mtama huweza kusimama kwa kiu na kuendelea kukua mvua irudipo. Muhogo hungoja ardhini hadi utakapohitajiwa. Viazi hukatwa na kuanikwa vikawa michembe, au huchemshwa kwanza vikawa matobolwa, akiba ya miezi ya kiangazi. Hiki si chakula cha unyonge, ingawa watoto wetu wa mjini wameanza kukicheka. Ni maarifa ya watu walioijua mvua yao. Wenye umri wanaikumbuka miaka ya 1974 na 1975, ukame ulipochangia uhaba mkubwa wa chakula na taifa likaanzisha kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona.

Hatusemi mahindi yaachwe. Twasema yasiachiwe shamba zima. Kabla ya kutuma fedha msimu ujao, keti na mwenzi wako, kisha waulizeni wazee: ekari ngapi ni za mtama, ngapi za muhogo, na mbegu ya mahindi ni ile ikomaayo mapema? Fedha hiyo ni jasho lako. Jasho lisipandwe kwa kutazama mawingu ya ziwani peke yake.