Insha irudi ikiwa na wino

Mwanafunzi anakabidhi insha ya kurasa nne. Baada ya wiki kadhaa inarudi: juu kabisa imeandikwa 12/20, chini kuna sahihi, na katikati hakuna hata alama moja ya kalamu. Ataijuaje aya iliyopwaya? Hajui. Insha ijayo atadesa, na sisi tutamlaumu kwa uvivu.

Vyuo vyetu vingi humfundisha mwaka wa kwanza somo la stadi za mawasiliano, kwa Kiingereza, kisha vinahesabu kazi ya uandishi imekwisha. Anakuja kukumbushwa anapofika kwenye tasnifu, muda umebana na msimamizi hashikiki.

Hatuwabezi wahadhiri. Mwenye ukumbi wa mamia hawezi kusahihisha sentensi kwa sentensi. Ndiyo maana tunataka wahadhiri wasaidizi walipwe kwa kazi hiyo hasa, na insha zipungue: mbili kwa muhula zinatosha, mradi kila moja iandikwe, irudishwe, iandikwe upya, na alama zitolewe kwa rasimu ya pili.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwa na Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika (1971), akifundisha fasihi. Si kila chuo kitapata Kezilahabi wake (wala hakihitaji). Kalamu nyekundu na mtu mwenye muda wa kuitumia, hivyo vinanunulika. Bajeti za vyuo zivitengee fungu.